Letusi ya majira ya kuchipua: anza na ya majani

Mlioko Uingereza au kaskazini mwa Marekani mnaonunua mbegu sasa, msivutwe na picha ya letusi iliyofunga kama kabichi. Aina kama Great Lakes huchukua miezi miwili na nusu au zaidi kufunga, na mara nyingi joto huikuta katikati ya safari. Hapo inarefuka ghafla na kutoa shina la maua. Ukivunja jani unaona utomvu mweupe, na uchungu wake hata siki haiutoi.

Mimi nusu ya tuta ningewapa Black Seeded Simpson au Salad Bowl, zisizofunga kabisa. Siku 45 hadi 50 hivi unakula. Tena huhitaji kung'oa: chuma majani ya nje, ya katikati uyaache yaendelee.

Ukitaka kichwa, Buttercrunch, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cornell, hufunga kidogo tu, laini, na huhimili joto kuliko wenzake wengi. Kwa ile ya majani marefu, tafuta Jericho. Ilizalishwa Israeli, jua si geni kwake. Hiyo ipande mwishoni mwa majira, joto linapokaribia.

Mbegu zenyewe usizifukie sana, zinapenda mwanga. Nyunyizia udongo mwembamba juu, mwagia maji taratibu, na usimwage pakiti nzima siku moja. Panda mstari mmoja, subiri wiki mbili, panda mwingine, la sivyo utagawia mtaa mzima.