Soma waranti ya gari lililotumika kabla hujalipa

Kazi yangu ni kuwakagulia watu magari kabla hawajanunua. Muuzaji akisema "hili lina waranti", yaani ahadi ya kulipiwa matengenezo gari likiharibika, huwa naomba karatasi kwanza.

Hatua ya 1: Ni waranti ya nani?
Inaweza kuwa ya kiwanda, ya muuzaji mwenyewe, au mkataba wa kulipia wa kampuni nyingine. Ya kiwanda kwa kawaida hufuata gari, ila gari lililoagizwa kutoka nchi nyingine mara nyingi halimo. Ya kulipia, uliza kama inahamia kwa mmiliki mpya.

Hatua ya 2: Hesabu kilichobaki
Ya kiwanda huhesabiwa tangu mmiliki wa kwanza alipokabidhiwa gari. Ikiwa ni miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia ndicho kinachoifunga: gari la miaka 2 lenye kilomita 104,000 halina kitu. Nakili namba ya chasisi, mara nyingi tarakimu na herufi 17, kwenye gari lenyewe wala si kwenye tangazo, kisha mpe wakala wa kiwanda akuangalizie.

Hatua ya 3: Anza na yasiyolipiwa
Pedi za breki, klachi, matairi: sahau, hivyo huisha kwa matumizi. Mtego uko pale waranti inaposema inalipia "injini na giaboksi". Nimewahi kuona dai ambalo pampu ya maji ilivuja, mwenye gari akaendelea kuendesha huku mshale wa joto uko juu, silinda hedi, kipande cha juu cha injini, ikapinda. Pampu na hedi zote zilikuwa kwenye orodha. Pampu ikalipwa, hedi ikakataliwa, kwa sababu kifungu kimoja chini kabisa kilisema madhara ya gari kuchemka hayahusiki. Kitafute kifungu hicho. Kipo kwenye mikataba mingi.

Hatua ya 4: Dai risiti za sevisi
Ziwe na tarehe na kilomita. Oili isipothibitika kubadilishwa kwa wakati, injini ikifa utabishana peke yako.

Hatua ya 5: Uliza dai linavyolipwa
Kikomo ni kiasi gani? Wewe unachangia ngapi? Gereji ipi inakubalika? Na fundi asifungue injini kabla ya idhini. Ikishafunguliwa, watoa waranti wengi hukataa kulipa.

Muuzaji akikuahidi "tatizo lolote nirudie", aliandike kwenye hati ya mauziano: kifaa gani, hadi lini, nani analipa. Akisita, toa bei ya gari lisilo na waranti.