Namna ya kuupima mwaka wa kazi ya riwaya

Ukitaka kujua mwaka wako wa kuandika riwaya umekwendaje, usiitegemee kumbukumbu, kwa kuwa kumbukumbu hukuza wiki moja ya kasi ikaonekana msimu mzima, na huifuta miezi ambayo sura moja iliandikwa polepole, usiku, watoto wakiwa wamelala. Kusanya rasimu zote, madaftari, faili zilizomo kompyutani, sauti ulizojirekodia kwenye simu ukiwa safarini, pamoja na maoni ya wasomaji wako wa kwanza, kisha uvipange vyote kwa tarehe. Ikiwa una desturi ya kuhifadhi rasimu mpya juu ya ile ya zamani, utakuta sehemu kubwa ya mwaka haipo tena. Anza leo kuandika tarehe katika jina la kila faili, na mafungu yote unayoyakata uyaweke mahali pamoja badala ya kuyafuta.

Hesabu ya kurasa ina faida yake, ingawa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeandika riwaya zake nyingi huku akiwa mtumishi wa posta, ameeleza katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, kwamba kila alipoanza kitabu alitengeneza shajara iliyogawanywa kwa wiki, akawa anajaza humo kila siku idadi ya kurasa alizoandika. Wastani wake ulikuwa kama kurasa 40 kwa wiki. Ziliwahi kushuka hadi 20 na kupanda hadi 112, na ukurasa wake ulikuwa wa maneno 250. Kasi hiyo isikutishe, hasa ikiwa unarudi kutoka kazini saa mbili usiku. La kuiga ni kwamba shajara yake ilifuata kitabu, haikufuata kalenda: mwaka wako wa kazi unaweza kuhesabiwa tangu siku ulipoifungua sura ya kwanza, iwe ni Aprili au Oktoba. Hata hivyo, hesabu ya namna hiyo haiwezi kukuonyesha thamani ya ulichokiandika, wala haijui kusoma ulichokikata. Mwaka ulioondoa theluthi ya mswada utaonekana wa hasara, ilhali pengine ndio mwaka ambao riwaya ilimpata msimulizi wake.

Kwa hiyo kazi kubwa ya tathmini ni kulinganisha. Chagua fungu moja lililoandikwa upya mara kadhaa, uyanakili matoleo yake kwenye karatasi moja, moja chini ya jingine. Tuseme toleo la kwanza linasema: «Mwanaidi alikuwa na huzuni kubwa siku aliyoondoka Kigamboni.» La pili: «Mwanaidi alipanda pantoni huku machozi yakimlengalenga, akiikumbuka nyumba ya mama yake.» La tatu: «Pantoni lilipofika Magogoni, Mwanaidi alikuwa angali ameukamata ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuuzwa.» Kati ya la kwanza na la pili kilichobadilika ni lugha tu, maana huzuni iliyotajwa kwa jina imekuwa machozi, nayo machozi ni jambo ambalo kila mwandishi hulifikia haraka. Kati ya la pili na la tatu imebadilika hadithi yenyewe: nyumba imeuzwa, kuna aliyeiuza, na ufunguo usiofungua kitu utadai maelezo katika sura zinazofuata. Andika pembeni tarehe ya kila toleo na kilichotokea katikati, kama ni mazungumzo na mhariri, msiba, au kitabu ulichokuwa unakisoma. Fungu moja lililochunguzwa hivi lina mafunzo kuliko kuusoma mswada mzima kwa kuruka-ruka.

Hatua inayofuata ni kuyatafuta mapengo, yaani vipindi ambavyo hakuna kilichoandikwa. Ugonjwa, ada za shule na mavuno hayahitaji uchambuzi. Yaandike ulivyo ukweli wake na uendelee. Pengo lisilo na sababu ya nje ndilo la kushughulikia, na njia ya kulielewa ni kusoma kurasa tatu zilizolitangulia. Mara nyingi utakuta mwandishi alisimama mahali ambapo maarifa yake yaliishia. Mathalani, mhusika ni mvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria, na kisa kinataka atoroke usiku wa mbalamwezi akiwa na wenzake mtumbwini. Lakini wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa katika giza, na mwezi ukiwa mpevu wengi hawaendi ziwani, kwa sababu mwanga wa taa huwa hauna nguvu. Mwandishi asiyelijua hilo huhisi tu kwamba tukio linakataa kusimama, akasingizia kukosa hamu. Safari moja ya mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi ya uvuvi inakotua, na saa kadhaa za kuwasikiliza wavuvi, ingemrudisha mezani, pengine na tukio bora zaidi: mwezi mpevu, mitumbwi imepandishwa ufukweni, na kijiji kizima kipo macho.

Mrabaha na tuzo viwekwe katika ukurasa wao peke yao. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea hata miswada isiyochapishwa, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023. Tarehe za mwisho za kuwasilisha husaidia kumlazimisha mtu amalize, na kwa maoni yangu manufaa yake kwa tathmini yanakomea hapo, kwani jopo la waamuzi hupima mswada mmoja mbele ya mingine, nawe unaupima wako mbele ya ulivyokuwa mwaka uliopita.

Ukishamaliza, andika ukurasa mmoja kwa mkono, usizidi hapo. Humo itajwe sura itakayofunguliwa kwanza, fungu lililoachwa katika toleo la pili likihitaji la tatu, na mtu au mahali pa kuendewa kabla ya kalamu kushikwa tena.