Jinsi ya kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kwa kikundi cha wakulima Mwanza

Mkopo wa halmashauri hauna riba. Kwa mama anayelima nyanya Kisesa au kijana mwenye bustani ya chainizi Sangabuye, aliyezoea kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kila msimu ili anunue mbegu na mbolea, hilo ni jambo kubwa sana. Hata hivyo vikundi vingi vya wakulima vinaishia njiani, na mara nyingi si kwa sababu ya upendeleo. Vinaanza na fomu, halafu ndipo vinatafuta shughuli ya kuijaza. Anzeni na shamba. Fomu itafuata.

Fedha zenyewe zinatokana na mapato ya ndani ya halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato hayo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwezi Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hii baada ya ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Ilirudi mwaka 2024 na kanuni mpya. Halmashauri 10 nchini zilichaguliwa kujaribu utaratibu wa kupitia benki, lakini za mkoa wa Mwanza hazimo. Kwa hiyo uwe Jiji, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa au Ukerewe, njia yako ni ileile: mtaa au kijiji, kata, kisha halmashauri.

Nani anaweza kuomba

Wanawake na vijana wanaomba wakiwa kikundi cha watu wasiopungua 5. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba akiwa peke yake. Kwa kanuni za 2024 kijana ni mwenye miaka 18 hadi 45, hivyo kaka aliyeambiwa zamani kwamba amepitwa na umri aulize upya. Mkopo huu ni wa wajasiriamali wadogo wasio na ajira rasmi. Msimwingize mwalimu au nesi kwenye orodha kwa sababu tu anajua kuandika vizuri.

Baba mwenye miaka 50 anayelima pamba Kwimba hamo humu, na ni afadhali ajue mapema. Kwake kuna ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23, ambayo anajiandikisha ofisi ya kijiji akieleza ukubwa wa shamba na mazao yake, na kuna AMCOS yake ya pamba, yaani chama cha ushirika cha wakulima.

Kikundi chenyewe kiwe cha watu wanaofahamiana na kufanya kazi pamoja. Kama mmekuwa mkichangiana kwenye kikoba, daftari la kikoba ni ushahidi mzuri kwamba mnaweza kushika fedha. Fanyeni kikao, chagueni mwenyekiti, katibu na mhazini, andikeni katiba, na muhtasari wa kikao usainiwe na kila aliyehudhuria. Katiba isiwe ya kunakili kutoka kikundi cha jirani. Kuna vipengele viwili ambavyo watu huviruka na ndivyo vinavyokuja kuwagombanisha: mwanachama akihama au akifariki, deni lake linabebwa na nani, na asiyefika shambani siku ya zamu anafanywaje.

Shamba lenu liko wapi?

Hapa nawaomba wenzangu wa kandokando ya ziwa wasome taratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Bustani nyingi za mboga zinazomwagiliwa kwa ndoo kutoka ziwani ziko ndani ya mita hizo. Mkiomba mkopo kwa eneo kama hilo, afisa atakayekuja kukagua atauliza, na hata msipoulizwa mtakuwa mmekopa kwa shamba ambalo mnaweza kuondolewa kabla ya mavuno. Chukueni kamba au futi, pimeni kutoka maji yanapofika ziwa likijaa. Kama mko ndani, tafuteni eneo la juu zaidi mkodishe, na gharama ya pampu na mpira wa kuvuta maji iingie kwenye andiko la mradi mtakaloambatanisha na maombi. Eneo la kukodi liwe na mkataba wa maandishi uliopitia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, wenye muda unaozidi muda wa marejesho.

Wanaofikiria vizimba vya samaki wana kazi zaidi. Hamasa ni kubwa tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue ugawaji wa boti na vizimba hapa Mwanza Januari 2024, lakini kizimba kinakaa ndani ya ziwa, na kuna vibali vya mazingira na vya matumizi ya maji ambavyo lazima vitangulie. Anzeni kwa afisa uvuvi wa halmashauri, na msinunue hata wavu kabla hajawaelekeza.

Kutambuliwa na kuingia kwenye mfumo

Mkiwa na katiba, muhtasari na orodha ya wanachama yenye namba za NIDA na simu, nendeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa au kijiji mpate barua ya utambulisho. Barua hiyo mnaipeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huyu ndiye mtu wenu mkubwa katika safari yote. Atawasajili ili halmashauri iwatambue na kuwapa cheti, na maombi ya mkopo yenyewe yanaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki uitwao Wezesha. Asiye na simu janja asiogope. Afisa wa kata anasaidia kujaza, ila hakikisheni namba ya simu inayoandikwa ni ya mwanachama anayepatikana na si ya mtoto wa jirani aliyewasaidia siku hiyo.

Majina yafanane kila mahali. Mama akiitwa Nyamizi kwenye NIDA na Mariam kwenye akaunti ya benki, maombi yatarudishwa. Akaunti ifunguliwe kwa jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, na watia saini wawe zaidi ya mmoja, waliotajwa kwenye muhtasari.

Mtu akiwaambia mlipe ili fomu yenu iwe juu, huyo ni kishoka. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri mkaulize wenyewe.

Andiko la mradi

Kamati inayopitia maombi inasoma andiko ili ijue kama mtalipa. Basi, hicho ndicho inachotafuta. Kuna maandiko yanauzwa kwenye steshenari za jirani na ofisi, yamepigwa chapa vizuri na yana maneno mengi, ila ndani yake kikundi cha Misungwi kinajikuta kinauza maziwa ambayo hakijawahi kukamua. Andikeni la kwenu hata kwa mkono, mkae siku nzima chini ya mwembe mhesabu, ndipo litaenda kuchapwa.

Chukulia kikundi cha wanawake watano wanaotaka kulima nyanya ekari moja. Tuseme mbegu, mbolea, dawa, vibarua, mafuta ya pampu na matenga vinafika shilingi 1,600,000, na wanatarajia kuvuna matenga 150. Tenga likiuzwa 25,000 wanapata 3,750,000, na wengi huishia hapo kwa furaha. Sasa wahesabu tena kwa bei ya msimu ambao nyanya zimejaa sokoni, tuseme tenga 8,000. Wanapata 1,200,000, wamepoteza 400,000 na deni liko palepale. Andiko linaloonyesha hesabu zote mbili, halafu likaeleza watakavyojikinga, lina nguvu kuliko lenye faida tupu. Wanaweza kupanda kwa awamu mbili badala ya siku moja, kuweka robo ekari ya hoho pembeni, au kuzungumza mapema na mchuuzi wa Igoma anayechukua mzigo kila wiki. Yaandikeni hayo yote.

Kalenda nayo iwe ya kweli. Mpunga wa Magu unaosubiri mvua hauwezi kulipa deni mwezi Februari, kwa sababu bado uko shambani. Nyanya zinaanza kuchumwa kama miezi mitatu baada ya kupanda. Sato wa kizimba anataka miezi sita au zaidi. Ombeni tarehe ya kuanza marejesho inayofuata mavuno yenu, na mwonyeshe kwa nini.

Kwa hesabu za kilimo muulizeni afisa ugani wa kata, na wenye mihogo au viazi vitamu wasipite Ukiriguru bila kuuliza mbegu bora, kituo cha utafiti kiko hapohapo Misungwi. Kwa upangaji wa mradi, wapo vijana wanaosomea kazi hiyo jirani yenu. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, chenye makao Dodoma, kina kituo cha Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na Misungwi kuna chuo cha maendeleo ya jamii. Wanafunzi wao hutoka kwenda mafunzo kwa vitendo kwenye kata na halmashauri. Mkimkuta mmoja ofisini kwa afisa maendeleo, mwombeni aje shambani. Yeye anajifunza, ninyi mnapata mtu wa kupanga hesabu.

Uhakiki, mkataba na marejesho

Baada ya kutuma, kamati ya kata itawapitia na wataalamu watakuja kuona. Wanaweza kumuuliza mwanachama yeyote kikundi kinadaiwa nini, kina shilingi ngapi benki, nani mhazini. Kikundi ambacho ni mwenyekiti pekee anayejibu kinajionyesha chenyewe. Yanayopita kata yanakwenda kamati ya halmashauri. Mkikataliwa, ulizeni sababu kwa utulivu, rekebisheni, ombeni tena.

Mkikubaliwa mtapewa mafunzo kisha mtasaini mkataba. Usomwe kwa sauti mbele ya wote, hata kama kuna mmoja tu asiyejua kusoma. Fedha inaingia kwenye akaunti ya kikundi na inanunua kilichoandikwa. Kugawana taslimu kila mtu na chake ndiko kulikoua vikundi vingi kabla ya 2023, na wanawake waliobaki kulipa deni la wenzao wapo kila kata.

Marejesho yanalipwa benki au kwa simu kwa namba ya malipo ya serikali, ile kontroo namba. Msimkabidhi mtu pesa mkononi, hata akiwa afisa. Kila stakabadhi ipigwe picha na ibandikwe kwenye daftari. Na kama mvua imekata au mdudu kantangaze amemaliza nyanya, msisubiri tarehe ipite. Mwiteni afisa ugani aone shamba na aandike alichokiona, kisha barua ya kuomba muda ifike kwa afisa maendeleo ya jamii ikiwa na maandishi hayo, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki kwa katibu.