Vidonge 12 baada ya uji: kumsimamia mgonjwa aliyeumia figo kwa sindano za saratani

Mama yangu ana saratani ya ngozi iliyoanzia kwenye unyayo. Alikuwa akichomwa sindano ya saratani iitwayo pembrolizumabu kila baada ya wiki 3. Alipokwenda kwa sindano ya 6, kreatinini (taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja; ikipanda, figo imelegea) ilikuwa imepanda kutoka 78 hadi 214, na haumwi chochote. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ametwanga karanga nyumbani Nkuhungu. Kwa hiyo usingoje miguu ivimbe. Damu ipimwe kabla ya kila sindano, na namba uiandike kwenye daftari lako mwenyewe, maana daktari wa zamu atakuuliza mwanzoni ilikuwa ngapi.

Sindano hizi haziui saratani zenyewe. Zinaifungua breki ya kinga ya mwili ili iushambulie uvimbe, na kinga isiyo na breki huweza kuivamia figo nayo. Hapo ndipo huja vidonge vya prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi: kazi yake ni kuituliza kinga hiyo, na ikiwahi kuanza figo ina nafasi nzuri zaidi ya kurudi.

Lakini kwanza daktari ahakikishe hakuna sababu nyingine. Mama alipimwa mkojo, akapigwa ultrasaundi kuona kama njia ya mkojo imeziba, akaulizwa anakunywa maji kiasi gani (Dodoma ya Oktoba, nani hajakaukiwa?). Wengine hukatwa kinyama kidogo cha figo kipimwe. Beba dawa zote za nyumbani, hata zile za chini ya mto. Mfuko wa Mama ulitoa omeprazoli ya kiungulia na diklofenaki ya goti, alizonunua duka la dawa bila kuniambia. Zote mbili huweza kuumiza figo, na omeprazoli ikikutana na sindano hizi hatari inaongezeka. Zikaachishwa siku ileile, pamoja na sindano yenyewe.

Daktari aliandika prednisoloni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama ana kilo 60, vidonge ni vya miligramu 5: vidonge 12. Jirani alipoviona kiganjani akasema tunamuua mzee. Usiige dozi ya Mama. Kreatinini ikizidi mara 3 ya ile ya mwanzo, wengi hulazwa na kuanza na steroidi ya mshipa. Vyote 12 humezwa asubuhi, baada ya uji. Siku ya kwanza tuligawa nusu jioni, Mama akakesha akipanga vyombo.

Kabla hujatoka kliniki, uliza kuhusu sukari, presha, homa ya ini aina ya B na kifua kikuu. Uliza pia minyoo, hasa kama mgonjwa amelima miaka mingi peku: kuna minyoo midogo inayoingilia kwenye ngozi, ikakaa mwilini kimya miaka na miaka, halafu steroidi zikishusha kinga inasambaa na kuua. Akitarajiwa kukaa kwenye miligramu 20 au zaidi kwa wiki 4, uliza kuhusu Septrini, dawa ya kuua vijidudu, ya kukinga mapafu yasiambukizwe. Nayo huweza kuipandisha kreatinini kidogo, basi daktari ndiye apime.

Chumvi ipunguzwe, na hapa mwenye kaya ya Kigogo anisikilize: magadi ya kwenye mlenda nayo yanahesabika. Mwili ulio kwenye prednisoloni hushikilia maji, presha ikapanda.

Kazi kubwa iko kwenye kushuka. Wiki ya 3 Mama alikuwa kwenye vidonge 8, kreatinini 121, anajisikia msichana. Akajipunguzia mwenyewe hadi 4, "mwanangu, si nimepona?" Kipimo kilichofuata kikasoma 168. Akarudishwa 8, tukaanza kuteremka upya, kidonge kimoja kimoja kwa tarehe alizoandika daktari, na damu kila wiki. Vidonge nikavifungia kabatini. Kuacha ghafla ni kubaya zaidi, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza steroidi yake. Mgonjwa anaweza kulegea, akatapika, presha ikaanguka. Akiharisha au akitapika vidonge, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Akipata homa pia, hata ndogo, kwa sababu prednisoloni huificha.

Sasa yuko kwenye kidonge kimoja na nusu, kreatinini 84. Kiungulia anatumia famotidini. Kama atarudi kwenye sindano, madaktari wa saratani na wa figo bado wanajadiliana. Yeye anachouliza kila jioni ni magadi nimeyaweka wapi.