Kuchagua mfumo wa kengele ya moto kwa jengo la fleti

Kengele ya moto katika jengo la wapangaji ina kazi mbili: kumwamsha mtu aliyelala chumba cha ndani huku milango imefungwa, na kumwonyesha mlinzi wa getini moto uko fleti gani. Anza na kazi hizo mbili kabla hujaulizia bei, maana ofa nyingi za mafundi huanza na paneli, yaani sanduku linaloongoza mfumo mzima, na paneli ndiyo sehemu rahisi kuchagua kuliko zote.

Chukua sauti kwanza. Kiwango cha Uingereza BS 5839-1, ambacho wasanifu wengi wa Afrika Mashariki hukifuata, kinataka desibeli 75 kwenye mto wa mtu aliyelala. King'ora cha korido chenye desibeli 100 kwa umbali wa mita 1 hushuka desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo mita 8 mbele kimebaki 82. Mlango mzito wa kuingilia fleti unakula kama 30, na mlango wa chumbani 20 nyingine. Kinachofika kitandani ni kama desibeli 32, na feni ya dari ikizunguka hakuna atakayeisikia. Hapo ndipo majengo mengi yanapokosea: kila sakafu ina king'ora kimoja karibu na ngazi, ukaguzi wa mchana unapita kwa sababu kila mtu yuko macho na milango iko wazi. Dai king'ora ndani ya kila chumba cha kulala. Kile kinachokaa kwenye kitako cha kitambua moshi hupunguza kazi ya waya.

Halafu jiulize mlinzi ataona nini. Mfumo wa zoni humwashia taa moja kwa eneo zima: "zoni ya 3". Kwenye nyumba ndogo ya fleti nne au sita unatosha, na ni rahisi kutengeneza. Ukizidi hapo, nunua mfumo wa anwani, ambao kila kifaa kina namba yake na paneli inaandika jina. Sisitiza majina yaandikwe kwa lugha ya mlinzi: "Fleti 4B, jikoni". Paneli inayosema "kifaa 047" inamlazimu atafute daftari usiku wa manane. Paneli yenyewe iwe mlangoni pa kuingilia au kwenye kibanda cha mlinzi, ramani ya jengo ikiwa ukutani kando yake. Ikifungiwa ofisini kwa meneja, saa nane za usiku haimfai mtu.

Hesabu vifaa mwenyewe kabla fundi hajakuhesabia. Tuseme jengo lina sakafu sita, fleti nne kila sakafu, vyumba viwili vya kulala kila fleti. Kila fleti inahitaji vitambua moshi vitatu (sebuleni na vyumbani) na kitambua joto kimoja jikoni: hivyo ni 96. Ving'ora vya vyumbani ni 48. Ongeza kwa kila sakafu kitambua moshi kimoja cha korido, king'ora kimoja cha korido na visanduku viwili vyekundu vya kubonyeza: 24. Chumba cha mita za umeme, chumba cha jenereta na kichwa cha shimo la lifti ni 3. Jumla 171. Lupu ni waya unaotoka kwenye paneli, kupita kwenye vifaa na kurudi. Lupu moja ya baadhi ya mifumo ya anwani hubeba vifaa 126 hivi, kwa hiyo kwa mifumo hiyo unahitaji paneli ya lupu mbili. Anayekuletea ya lupu moja huenda ameacha vyumba fulani; mwombe akuonyeshe lupu yake inabeba vifaa vingapi.

Kwa maeneo yaliyo wazi, kitambua moshi kimoja hufunika nusu kipenyo cha mita 7.5, na cha joto mita 5.3. Kikae angalau sentimita 50 kutoka ukutani na mita 1 kutoka mahali AC inapopulizia, la sivyo hewa itausukuma moshi pembeni. Visanduku vyekundu viwe kimo cha mita 1.4, na mtu asitembee zaidi ya mita 45 kukifikia kimoja.

Kengele za uongo ndizo zinazoua mfumo. Zikilia mara tatu kwa wiki, mtu atafunga kitambua moshi kwa mfuko wa plastiki, na hatakuwa na kosa kubwa. Jikoni usiweke cha moshi kamwe. Weka cha joto la kiwango maalumu, kwa kuwa kile kinachopima kasi ya joto kupanda hulia oveni ikifunguliwa. Sebuleni na vyumbani, ambako watu hufukiza udi na ubani au kupuliza dawa ya mbu, lipia zaidi vitambua vinavyopima moshi na joto kwa pamoja. Na paneli ipangwe kwa hatua: kitambua moshi kimoja kikigundua kitu, fleti hiyo pekee ilie kwa dakika chache ili mwenyeji aangalie na mlinzi apande; lakini kitambua joto, kisanduku chekundu, au kitambua cha pili kikishtuka, jengo lote lilie papo hapo. Mfumo usioweza kupangwa hivi usinunue kwa jengo la watu wengi.

Umeme unakatika, na betri ndiyo inayolinda watu wakati huo. Ziwe za kushikilia saa 24 kimya, kisha nusu saa ya kulia. Mfano: mfumo unaokula ampea 0.4 ukiwa kimya na 2 ukilia unahitaji (24 × 0.4) + (0.5 × 2) = 10.6, zidisha kwa 1.25 upate 13.25, kisha nunua saizi inayofuata, 17 Ah (ampea-saa), mbili za volti 12 kwa mfululizo. Jenereta haihesabiki kama mbadala wa betri. Waya uwe wa kustahimili moto, ushikwe kwa klipu za chuma. Za plastiki huyeyuka na waya huanguka shingoni mwa watu ngazini. Kila lupu iwe na vitenga shoti, yaani vifaa vinavyokata kipande chenye shoti na kuacha kingine kikifanya kazi, angalau kimoja kila sakafu, vinginevyo shoti moja inazima lupu nzima.

Sasa jambo linaloumiza wenye majengo kuliko yote: nani ataweza kuutengeneza mfumo huo baadaye. Baadhi ya paneli hukubali vitambua vya kampuni moja tu, na programu yake anayo wakala mmoja. Chagua ambayo mafundi wengi mjini kwako wanaweza kuihudumia, na iandikwe kwenye mkataba kwamba siku ya makabidhiano utapewa namba za siri zote, nakala ya faili la programu na michoro ya waya jinsi ulivyopita kweli. Vifaa viwe na alama ya EN 54, kiwango cha Ulaya cha vifaa vya kengele za moto. Tanzania, peleka michoro Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya kununua. Kubomoa dari baada ya ukaguzi ni gharama mara mbili.

Siku ya kupokea kazi, usitie saini mpaka umeona haya: kila kitambua moshi kimepuliziwa moshi wa majaribio na jina sahihi limetokea, kimoja kimechomolewa na paneli imelalamika, waya wa lupu umekatwa upande mmoja na vifaa vyote bado vipo, umeme umezimwa na ving'ora vimelia kwa betri, lifti imeshuka chini na makufuli ya sumaku ya milango yameachia. Geti la ngazi linalofungwa kwa kufuli la kawaida litolewe. Baada ya hapo, kila wiki bonyeza kisanduku chekundu kimoja, tofauti na cha wiki iliyopita, na uandike kwenye daftari. Fundi aje kila miezi sita. Mlinzi afundishwe kupiga 114, namba ya Zimamoto ya Tanzania, kwanza, kabla hajampigia meneja.