Kuchagua saizi ya tairi za kirikuu

Wadau mnaotafuta riziki na kirikuu, nazungumzia hizi Suzuki Carry za cc 660, kabla hujaenda dukani fungua mlango wa dereva utafute stika kwenye nguzo ya mlango, nyingi utakuta imeandikwa 145R12 6PR LT. 145 ni upana wa tairi kwa milimita, 12 ni rimu kwa inchi, 6PR ni plai, yani kipimo cha uimara wa tairi, na LT maana yake tairi ya gari la mzigo. Hizo mbili za mwisho ndo watu wanazipuuza na ndo zinazobeba mzigo wako.

Sasa muuzaji akikosa hiyo atakuletea 145/80R12 ya gari ndogo, atakwambia ni ileile, na kweli kwenye rimu inakaa vizuri kabisa. Usikubali haraka, igeuze usome ubavuni baada ya saizi. Ukikuta 74S hiyo ni ya gari ndogo ya abiria, 74 maana yake tairi moja inabeba kilo 375. Ukikuta 80/78N LT hiyo ndo yako, 80 ni kilo 450. Yani kwa tairi mbili za nyuma peke yake umepoteza kilo 150, na nyuma ndo kunakaa tofali na magunia ya viazi! Ikilemewa ubavu unajikunja kila ikizunguka, inapata moto ndani kwa ndani halafu inapasuka barabarani ukiwa kwenye spidi.

Unataka ngumu zaidi? Chukua 155R12 8PR, nyingi zina 88 yani kilo 560, ila cheki kwanza upana wa rimu zako kama unaikubali, ukishafunga kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia gari likiwa na mzigo, uangalie kama haigusi fenda.

Kuhamia rimu 13 na 175/70 mimi sikushauri. Tairi inakuwa kubwa kama asilimia 7, gari inakuwa nzito kuondoka, kwenye mlima injini inateseka, na dashibodi ikisoma 60 wewe unakimbia kama 64.

Za mtumba angalia tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, ikiwa na mipasuko midogomidogo ubavuni iache hata kama kashata (meno ya tairi) bado nene.

Upepo fuata stika. Za Japani zinaandika kPa, gawanya kwa 7 utapata karibu na namba ya PSI anayotumia fundi wako, 240 inakuja kama 34 au 35. Na ukibadilisha saizi badilisha na spea, ila ipime kwanza kama inaingia kwenye nafasi yake chini ya bodi.