Leja ya GnuCash ikae kwenye kompyuta yako, isipande mtandaoni

Rafiki yangu alitaka hesabu zake za nyumbani zikae kwenye kompyuta yake tu, zisipite kwenye seva ya mtu mwingine. Akaweka GnuCash, programu ya kutunza hesabu, akaamini kazi imekwisha. Kumbe kila alipohifadhi, faili lilikuwa linapanda mtandaoni. Tulivyolihamisha ni hivi.

Hatua ya 1: Weka programu

GnuCash ni ya bure na haikudai akaunti wala intaneti. KMyMoney na HomeBank nazo zinafaa. Mimi sibanduki GnuCash kwa sababu ya uhasibu wake wa maingizo mawili: kila fedha lazima ionyeshe ilikotoka na ilikokwenda.

Hatua ya 2: Hakikisha "Documents" yako iko wapi hasa

Hapa tulia, maana ndipo saa zinapopotelea.

Kwenye Windows, bofya folda ya Documents kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Location. Ukiona kitu kama C:\Users\jina\OneDrive\Documents, folda hiyo inasawazishwa na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, hata kama jina na sura yake ni vilevile. Kwenye Mac, fungua mipangilio ya iCloud Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, uone kama "Desktop & Documents Folders" imewashwa.

Ukikuta imewashwa, usikimbilie kuizima. Mac ikizimiwa huduma hiyo, mafaili yako ya zamani hubaki ndani ya iCloud Drive, nawe unatengenezewa Documents mpya isiyo na kitu. Mtu asiyejua huona hesabu za miaka zimefutika. OneDrive nayo inaweza kuyaacha mafaili kwenye folda yake ukasema yamepotea.

Tena, faili unaloliona linaweza kuwa jina tu, mwili wake uko mtandaoni. Kwenye Windows alama yake ni kawingu kadogo. Chagua kwanza "Always keep on this device", usubiri lishuke lote.

Njia ninayoipenda ni kuiacha Documents ilivyo na kutengeneza folda mpya kando yake, mfano C:\Users\jina\Hesabu. Fungua leja (faili la hesabu zako), nenda File, Save As, ihifadhi humo. Funga programu, uifungue tena, uangalie imefungua leja ya folda gani. Kisha faili la zamani libadilishe jina, liwe "ZAMANI-usifungue". Usipofanya hivyo, siku moja utalifungua kutoka kwenye orodha ya mafaili ya karibuni, uingize matumizi humo, na utabaki na leja mbili zisizokubaliana.

Hatua ya 3: Chagua muundo wa XML

Save As inakupa miundo ya kuhifadhia: XML (faili la maandishi) na SQLite (hifadhidata ndani ya faili moja), pamoja na hifadhidata za MySQL na PostgreSQL ambazo kwa hesabu za nyumbani ni mzigo. SQLite huandika kila badiliko papo hapo. XML huandika unapohifadhi, na toleo lililotangulia huachwa kama nakala yenye tarehe na saa kwenye jina lake. Chukua XML.

Hatua ya 4: Bekapu

Zile nakala zenye tarehe hukaa folda ileile ya leja, na kwa kawaida hufutwa baada ya siku 30. Diski ikifa, zinakufa nayo. Kwa hiyo nakili folda nzima kwenye diski ya nje, programu ikiwa imefungwa.

GnuCash haifungi faili kwa nywila: atakayeiokota diski yako ataisoma leja yote. Tumia VeraCrypt, programu ya kufunga mafaili kwa nywila: tengeneza kontena lake, uweke nakala humo. Nywila yake iandike kwenye karatasi na kuificha mbali na diski, kwa sababu ukiisahau hakuna wa kukurudishia.

Ripoti ulizozirekebisha na kuzihifadhi hazimo ndani ya leja. Kwenye Windows ziko %APPDATA%\GnuCash, na kwenye Mac ziko ~/Library/Application Support/Gnucash. Nakili na folda hiyo.

Hatua ya 5: Jaribu, kisha futa

Fungua bekapu kwenye kompyuta nyingine, ulinganishe salio la kila akaunti na la leja yako. Yakilingana yote, futa lile la "ZAMANI". Halafu ingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni kwa kivinjari, ulifute na kwenye pipa la taka, maana OneDrive na iCloud hutunza kilichofutwa hadi siku 30.